Nimezoea kulungu wa tambarare, Oktoba ninakwenda kuwinda wapiti milimani: nianzie wapi?

Mwana wa Makunduchi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimerudi nyumbani kwa wiki 5, kumwona mama na kuuwahi Mwaka Kogwa, na kila jioni ninapokaa barazani fikra zangu hurudi pale pale. Nimeona hapa ukumbini wamo watu waliowahi kuishi ng'ambo na wamo wasasi wa hapa Unguja, basi nikaona ni heri niulize mbele ya wote wawili.

Kwa miaka 11 ninaishi kaskazini magharibi ya jimbo la Ohio, Marekani, katika nchi iliyolala kama sinia, ambayo zamani ilikuwa kinamasi kikubwa hadi wakulima wa karne ya 19 walipochimba mitaro na kuyatoa maji. Huko nimejifunza kuwinda kulungu wenye mkia mweupe. (Ninawaita kulungu kwa kukosa jina jingine, madume yao huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka, jambo ambalo paa wetu hawalifanyi.) Uwindaji wenyewe ni wa kungoja. Kabla ya alfajiri ninapanda ulingo niliouning'iniza mtini, kiasi cha mita 5 kutoka chini, ninakaa kimya mpaka saa 4 za asubuhi, na kulungu hupita mwenyewe baina ya shamba la mahindi alikokula na kijisitu anachokwenda kulala. Kulungu wa kule ni kama jirani. Karibu maisha yake yote huyamaliza katika eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa miguu kwa asubuhi moja, na nikimwona Jumamosi ninajua kwamba Jumapili hayuko mbali.

Bunduki pia ni ya tambarare. Sheria ya Ohio hairuhusu kumpiga kulungu kwa risasi za kawaida, zile ambazo ganda lake limebanwa shingoni. Inaruhusu bunduki za marisau zinazopiga risasi moja nzito, magobori, na bunduki ambazo ganda la risasi yake limenyooka tangu kitakoni mpaka mdomoni. Nchi haina kilima cha kuizuia risasi iliyokosa, na nyumba zimetawanyika kila upande. Yangu ni ya aina hiyo ya mwisho, .450 Bushmaster, na kulungu wa mbali kabisa niliyewahi kumpiga alikuwa mita 110.

Sasa mwezi wa Aprili niliomba kibali katika jimbo la Colorado, ambako vibali vya aina hii hutolewa kwa kupigiwa kura, na kura ikaniangukia. Ninacho kibali cha wapiti jike (wapiti ni jamii ya kulungu, ila mkubwa zaidi sana), msimu wa kwanza wa bunduki, siku 5 tu katikati ya Oktoba, ndani ya msitu wa taifa wa White River. Mgeni wa jimbo hulipa mamia ya dola kwa kibali hicho, kwa hiyo sitaki kwenda kutalii. Mfanyakazi mwenzangu tuliyekuwa tufuatane amejitoa, na mke wangu hapendi nende peke yangu.

Marehemu ami yangu alikuwa msasi, nami nilikuwa mtoto wa kushika kamba za mbwa. Yeye akisema kuwa anayejua kusaka mahali pamoja anajua kusaka popote. Ninaanza kuitilia shaka kauli hiyo. Ninaomba mnieleze: bunduki hii itafaa? Ulingo niutundike sehemu gani ya mlima? Na mtu aliyezaliwa Makunduchi na kuzoea Ohio, miguu yake aitayarisheje kwa nchi iliyo juu namna ile?

Aliyerudi Wete

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nilikaa Denver miaka 14, nikapanda milimani kuwatafuta wapiti misimu 6, na katika misimu hiyo nilirudi na mnyama mara 2. Ninakutajia hesabu hiyo mwanzo ili ujue unayezungumza naye, na ili ujue kuwa katika Colorado kurudi mikono mitupu ndiyo kawaida.

Ulingo uache Ohio. Hilo ndilo kosa lililonila msimu wangu wa kwanza mzima, kwani nami nilifundishwa kuwinda na rafiki aliyetoka Indiana, na tulikaa siku 4 juu ya mti mmoja tukiwalinda ndege. Wapiti hana ujirani. Hutembea kwa makundi, na kundi lililolala bonde hili leo linaweza kuamka kesho likiwa kilomita kadhaa mbali, hasa baada ya milio ya bunduki ya siku ya kwanza, ambapo wengi wao huhamia katika mashamba ya watu binafsi usikoruhusiwa kukanyaga. Kwa hiyo kazi yako kwanza ni ya macho. Uwe juu ya mgongo wa kilima kabla hakujapambazuka, ukae na darubini, uangalie majani ya wazi wanakokula usiku, uone wanaingilia wapi msituni kulala. Mchana huipenda miteremko inayotazama kaskazini, kwa sababu jua haliipigi sana, miti ni mingi na kuna baridi. Ukishajua walipoingia ndipo unapoanza kutembea, na hapo utatembea kweli.

Wengi hawaendi zaidi ya kilomita 2 kutoka barabarani, na wapiti wanalijua hilo kuliko sisi. Lakini usije ukajidanganya kwamba kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyofanikiwa, maana kila hatua unayoingia utairudia na nyama mgongoni, na utairudia zaidi ya mara moja.

Kuhusu bunduki, .450 yako kisheria inakubalika Colorado. Inaua vizuri kwa karibu. Tatizo ni kwamba ikipita mita 200 risasi yake huporomoka kama embe, na mlimani mnyama mara nyingi utamwona ng'ambo ya pili ya bonde, mita 250 au 300, bila njia ya kumkaribia. Azima au nunua 30-06 ya kawaida. Ni risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906, ndiyo maana ikaitwa 06, na mpaka leo hakuna duka la mji mdogo inamokosekana, jambo linalofaa ukisahau risasi zako nyumbani. Fanya mazoezi ya kupiga ukiwa umekaa chini, umeegemea mkoba, na baada ya kukimbia kidogo ili moyo uwe unadunda, kwa sababu hutapata ukingo wa ulingo wa kuegemea. Mpige nyuma ya bega, kwenye mapafu. Na jambo ambalo wazoefu wa kulungu hulikosea: kulungu akipigwa vyema huanguka au hukimbia kidogo akaanguka, lakini wapiti anaweza kusimama tu, akakutazama kana kwamba hakikutokea kitu. Usishushe bunduki ukaanza kushangilia. Akiwa bado amesimama mpige tena, kwa maana akishuka korongoni na jeraha utamtafuta kwa siku mbili.

Sasa nikueleze kitu ambacho hukuuliza, nacho ndicho kizito kuliko vyote. Wapiti jike mzima ana uzito wa kilo 225 hivi, dume hufika 300 na zaidi. Kulungu wako wa Ohio humburuta kwa kamba mpaka kwenye gari. Huyu humburuti. Jike wangu wa kwanza alianguka saa 10 za alasiri, ndani ya kikorongo chenye theluji iliyofika kwenye vifundo vya miguu, nasi tulikuwa wawili. Tulimchuna kwa taa za kichwani. Mvuke ulikuwa ukitoka mwilini mwake kama wa sufuria iliyofunuliwa, vidole vikifa ganzi kila tukivitoa katika nyama, na kisu changu kilikuwa butu kabla hatujamaliza upande mmoja, kwa sababu manyoya yale ni mazito na yamejaa mchanga. Hatukumpasua tumbo. Tulimlaza ubavu, tukachuna upande wa juu, tukatoa mguu wa mbele, paja, nyama ya uti wa mgongo na ya shingo, kisha tukampindua tukafanya vivyo hivyo. Paja moja pamoja na mfupa wake lilikuwa zito kuliko gunia la mchele la kilo 25. Tulifika kambini saa 9 za usiku na mzigo wa kwanza, na kesho yake tukarudi mara mbili. Nyama tupu inakuwa kilo 70 hivi. Mtu mmoja mwenye nguvu atakwenda safari 3, na ikiwa ni kilomita 4 kwa kila safari, fanya hesabu mwenyewe.

Na kuna hasara yangu nyingine, ya dume nililolipata miaka 3 baadaye. Nilichoka, nikaona kuna baridi, nikaliacha paja moja na ngozi yake mpaka asubuhi. Ngozi ya wapiti ni blanketi. Usiku ule maji ya chupa yaliganda, lakini nyama iliyoshikana na mfupa wa nyonga ilikuwa imevunda, ina rangi ya kijani na harufu ambayo sijaisahau. Chuna mara moja, tia nyama katika mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, itundike kivulini, mbali na unapolala, kwa kuwa dubu weusi wapo.

Ya sheria nitayapita haraka, maana kitabu cha kanuni utakisoma mwenyewe. Uvae inchi 500 za mraba za rangi ya chungwa inayong'ara, au waridi inayong'ara, pamoja na kofia ya rangi hiyo. Uache alama ya jinsia ya mnyama imeshikana na nyama mpaka ufike. Cheti chako cha mafunzo ya uwindaji cha Ohio kinatambuliwa. Na ubongo na uti wa mgongo usivuke navyo kurudi Ohio. Hawaruhusu, kwa ajili ya ule ugonjwa wa kukondesha kulungu na wapiti uliogunduliwa kwa mara ya kwanza huko huko Colorado mwaka 1967. Haijathibitishwa kuwa umewahi kumpata binadamu, lakini wakuu wa afya wanashauri nyama ya mnyama aliyeonekana kuwa nao isiliwe, kwa hivyo peleka kichwa kipimwe, na usubiri majibu kabla ya kugawa kitoweo kwa majirani.

Mchuuzi wa Darajani

Ninaomba radhi kwa kuingilia, ila nimepiga hesabu. Mamia ya dola ya kibali, mafuta ya gari kwenda na kurudi, bunduki mpya, viatu, mkoba, na mwisho wengi hurudi bila kitu. Kwa fedha hizo ungenunua ng'ombe mzima ukachinja mlangoni kwako na majirani wakakushukuru.

Msasi wa Muyuni

Ninaandikiwa na mjukuu wangu, kwa hivyo makosa ya herufi ni yake.

Mwanangu, ami yako hakukosea, ila wewe hukumalizia kumsikiliza. Sisi huku kusini tulikuwa tukisaka msituni kwenye mawe makali, mahali ambapo ukianguka goti linachanika. Tulikuwa na mbwa, nyavu na watu wengi. Leo paa nunga analindwa na sheria, na wasasi tunaokwenda tunakwenda zaidi kuwafukuza nguruwe mwitu wanaomaliza muhogo wa watu. Lakini tangu zamani mpaka leo hakuna aliyefungua kamba ya mbwa kabla mkubwa wa msako hajachota vumbi na kulidondosha. Ikiwa upepo unakwenda kule walikolala wanyama, tulizunguka, hata kama kuzunguka huko kulikuwa kwa saa nzima na jua la utosini. Wavu uliotegwa upande wa upepo mbaya ni wa kukausha tu.

Huko Ohio juu ya mti harufu yako ilikuwa ikipita juu ya vichwa vyao, ndiyo maana umekuwa mvivu wa upepo. Ninaliona hilo katika barua yako: umeuliza bunduki, umeuliza miguu, na upepo hukuutaja hata mara moja. Mlimani utakuwa chini pamoja nao. Mimi mlima sijawahi kuupanda, basi huyo ndugu yetu wa Wete atueleze: upepo wa mlimani una desturi gani? Una saa zake, kama wa pwani, au unavuma upendavyo?

Aliyerudi Wete

Shikamoo mzee. Swali lako limenifunga mdomo, kwani hili nilipaswa kulitanguliza mimi.

Una saa zake, na mtu wa pwani ataufahamu upesi. Kama vile usiku na alfajiri upepo wetu hutoka nchi kavu kwenda baharini, na mchana hugeuka ukatoka baharini, ndivyo mlima unavyovuta na kutoa pumzi. Usiku hewa hupoa, ikawa nzito, ikateremka mabondeni kama maji yanavyofuata mfereji, na huendelea kuteremka mpaka baada ya mapambazuko. Jua likishaupiga mteremko, saa 3 au 4 za asubuhi, hewa ya chini hupata joto na kuanza kupanda. Jioni jua likijificha nyuma ya kilima hurudi tena chini. Kwa hiyo alfajiri usiwe juu ya wanyama unaowanyatia, uwe chini yao au ubavuni. Na wakishalala msituni, ukitaka kuwaingilia mchana, pita juu na uwashukie. Saa ya hatari ni ile ya kugeuka, ambapo upepo hauna msimamo, mara huku mara kule. Mimi saa hiyo hukaa chini nikala tende zangu. Vumbi la mzee huko linakuwa na theluji juu yake, hivyo nilichukua kichupa kidogo cha poda ya watoto, nikawa ninakiminya kila baada ya hatua chache na kuangalia ile poda inakwenda wapi.

Nesi wa Kiembesamaki

Nilisoma Moshi, na mwaka wa mwisho tulipanda Kilimanjaro mpaka Horombo, mita 3,720. Mimi niliyekuwa ninakimbia kila jioni niliumwa na kichwa na kutapika usiku kucha, na mwenzetu mnene aliyekuwa akichekwa na wote alilala usingizi wa mtoto. Ninataja hili kwa sababu watu hudhani mazoezi yanazuia ugonjwa wa mlimani. Hayauzuii. Mazoezi yatakusaidia kubeba nyama. Mwinuko unataka siku, haujali nguvu zako.

Wapiti wengi mnaowataja wako baina ya mita 2,500 na 3,500, yaani sawa na mtu anayezunguka baina ya kituo cha Mandara na Horombo. Kwenye mita 3,000 kanieneo ya hewa ni kiasi cha asilimia 70 ya ile ya pwani, hivyo kila pumzi inakupa oksijeni pungufu. Ukiendesha gari mfululizo kutoka Ohio, ukapita Denver ambayo yenyewe iko mita 1,609, na usiku huo huo ukatia hema msituni, unaweza kuipoteza siku ya kwanza na ya pili katika msimu wenye siku 5. Fika siku 2 au 3 kabla. Lala usiku mmoja Denver au mji wa mwinuko kama huo, kisha panda. Kunywa maji hata kama huna kiu. Kichwa kikiuma kidogo, pumzika usipande. Kikizidi, au ukaanza kupepesuka au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, teremka saa hiyo hiyo, hata iwe usiku, na wala usijiambie utasubiri asubuhi. Ipo dawa ya kutangulia kumeza ambayo daktari wako anaweza kukuandikia, muulize mapema kwani haiwafai wote.

Kwa miguu, hapa Unguja hatuna kilima. Masingini hata mita 150 haifiki. Nenda Michenzani ukapande ngazi na mzigo mgongoni, na bamvua likitoa maji, tembea kwenye mchanga laini wa ufukweni. Kushuka ngazi na mzigo ni muhimu kuliko kupanda, maana magoti huumia wakati wa kuteremka.

Maalim wa Mkoani

Nimesoma yote kwa makini na nimeona jambo moja limepitwa, nalo ndugu yetu atalihitaji kuliko darubini, ikiwa anakusudia nyama hiyo iliwe nyumbani kwake.

Mnyama wa mawindo ana hukumu zake. Ataje jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kupiga; kwa sisi wafuasi wa Imamu Shafi ni sunna, na haifai kuiacha kwa makusudi. Adiyy bin Hatim, ambaye alikuwa mtu wa kuwinda, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mshale, akajibiwa kwamba kilichochomwa kwa ncha kiliwe, na kilichouawa kwa kupigwa na ubapa kisiliwe, kwani hicho ni mzoga wa kupondwa. Kwa risasi inayotoboa na kupenya maulamaa wengi wa zama zetu wameiona kuwa ni kama ncha, lakini ndugu yangu amuulize sheikh wa msikiti wake huko aliko. Akimkuta mnyama bado yuko hai, na amchinje. Kwa hivyo kisu chake kiwe karibu na kiwe kikali, si kile kilichokuwa butu cha ndugu yetu wa Wete.

Ila kwa mlima lipo la ziada, ambalo mtu wa tambarare halimpitikii. Katika Sura ya al-Maida, aya ya 3, ameharamishwa aliyekufa kwa kuporomoka. Na katika hadithi hiyo ya Adiyy imekuja kwamba mnyama ukimkuta amezama majini usimle, kwa sababu hujui kama yameua maji au umeua mshale wako. Basi tazama amesimama wapi kabla hujavuta. Akiwa kwenye ukingo wa jabali, au juu ya mto, ukampiga akaporomoka, utaletewa shaka ambayo kilo 70 za nyama haziiondoi. Mwache asogee. Lakini akikupotea msituni, ukamkuta kesho yake, na hana alama ila ya risasi yako, hadithi imekupa ruhusa ya kumla ukitaka.

Aliyerudi Wete

Maalim, umesema kweli, na hata wasiokuwa Waislamu kule hufundishana vivyo hivyo kwa sababu nyingine: mnyama aliyeporomoka jabalini hupondeka nyama, na mara nyingi huishia mahali usipoweza kumfikia.

Mwana wa Makunduchi

Ninawashukuruni nyote, na mzee wa Muyuni shikamoo. Ni kweli, upepo sikuutaja. Nilipoisoma barua yangu mara ya pili niliona haya, kwani mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa na ami kuchota lile vumbi.

Nimebadilisha mambo matatu. Ulingo unabaki Ohio, na 30-06 nitaazima kwa jirani ambaye baba yake aliitumia. Nitaondoka siku 4 kabla ya msimu. Safari ni zaidi ya kilomita 2,000, kwa hivyo nitalala njiani, kisha usiku mmoja Denver, ndipo nipande. Na nimempata wa kufuatana naye, binamu yangu aliyeko Minnesota, ambaye hajawahi kushika bunduki wala hataki kuishika, lakini alikuwa mchukuzi bandarini Malindi ujanani mwake na amesema yeye mzigo haumtishi. Nimemsomea habari ya lile paja. Amenyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama mlimani pana mahali pa kupitishia mzegazega.

Kwa ndugu yangu wa Darajani, hesabu yako ni sahihi na sina jibu lake. Mke wangu ameipiga hiyo hiyo.

Maalim, swali moja lililobaki nitalipeleka kwa sheikh wetu kama ulivyosema. Na kwa ndugu wa Wete, nitakuomba unieleze kwa faragha kuhusu visu: ni kimoja cha kubadilisha makali, au vitatu vya kawaida na jiwe la kunolea? Hapa nyumbani ninavyo vya samaki tu, na sidhani kama vitafaa kwa ngozi hiyo.

Mazoezi nimeyaanza juzi. Ninakwenda Michenzani baada ya sala ya alfajiri, na kilo 20 za mchanga ndani ya mkoba. Leo nilipokuwa ninateremka kwa mara ya sita, mama mmoja wa ghorofa ya nne alifungua mlango akaniuliza ni nani anayehama, na kwa nini ninamhamisha kidogo kidogo namna hii.